MWANDISHI AKIKATAA KUANDIKA UONGO

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo tuna habari ya kazi ambayo hapa kijijini haipo. Ni kazi ya kuandika magazeti ya watu mashuhuri. Watu mashuhuri ni wale ambao sura zao zinajulikana na kila mtu: waimbaji, wacheza mpira, wacheza filamu, watoto wa wafalme. Yako magazeti na majarida ambayo chakula chake ni habari za nyumbani kwao. Nani kaoa, nani kaachwa, nani kanenepa, nani kalewa. Kwetu tunayaita magazeti ya udaku. Mmeyaona. Mengine hufika hapa yakiwa yamefungia vitumbua, na bado mtu huyakunjua akayasoma, mafuta na yote.

Tunajua yupo anayejiuliza moyoni: mambo ya udaku wa Ulaya yanamhusu nini mkulima? Basi, ndugu, sikilizeni kwanza. Katika kila kazi ya kuajiriwa, liwe shamba la mkonge, kiwanda cha kuchambua pamba au ofisi, yuko mkubwa na yuko mdogo. Mkubwa anaweza kumwagiza mdogo jambo lisilo la haki. Mdogo akikataa, au akishindwa, mkubwa anaweza kulipiza kisasi. Na kisasi cha kazini hakiji na rungu. Kinakuja na karatasi: barua ya onyo, barua ya kuitwa ofisini, barua ya kuachishwa. Katika magazeti ya London karatasi hizo zilikuja kusomwa mbele ya mabaraza na majaji, kwa hiyo mambo ambayo kwa kawaida hufichika kwenye kabati la ofisi yakaonekana na watu wote. Ndiyo sababu tumechagua habari hii.

FEDHA ZA UDAKU

Tuanze na fedha, maana usipojua fedha hutaelewa kwa nini watu wazima, wenye elimu yao, waligombana hivyo.

Uingereza kuna jarida linaloitwa OK!. Lilianzishwa mwaka 1993. Mwaka 1999 mcheza mpira David Beckham alimwoa mwimbaji Victoria Adams, na jarida hilo likanunua haki ya kupiga picha za harusi peke yake. Bei iliyotangazwa ilikuwa paundi milioni 1. Hebu fikirini. Sisi tukialikwa harusini tunachanga. Kule mwenye harusi analipwa ili watu waone picha zake.

Sasa, mwenye jarida akitoa fedha kama hizo, au mwenye gazeti akishindana na mwenzake aliyetoa, lazima auze nakala nyingi. Leo anataka jambo jipya, kesho jambo jipya zaidi. Lakini watu mashuhuri nao ni watu. Hawaoi kila Jumapili. Siku ambayo hakuna lililotokea, ukurasa bado unangoja kujazwa. Hapo mhariri, yaani mkuu wa waandishi, anamwangalia mwandishi mdogo na kumwambia, "Leta habari." Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wao walikusudia kumwonya mtu asipuuze tetesi. Katika magazeti ya udaku methali hiyo ni kama leseni.

MATT DRISCOLL NA FULANA ZA ARSENAL

Gazeti tutakalolitaja sana ni News of the World. Lilianza mwaka 1843, lilitoka kila Jumapili, na tangu mwaka 1969 mwenye mali alikuwa tajiri Rupert Murdoch. Mwaka 1950 liliuza zaidi ya nakala milioni 8 kwa Jumapili moja. Halikuwa jarida lenye karatasi ya kung'aa, lakini chakula chake kilikuwa kile kile: siri za wenye majina.

Mwaka 1997 liliajiri mwandishi wa michezo aitwaye Matt Driscoll. Alifanya kazi miaka kadhaa bila matata. Mwaka 2003 akaja mhariri mpya, Andy Coulson. Mwaka 2005 ikaja tetesi kwamba timu ya Arsenal itaacha fulana zake nyekundu na kuvaa rangi ya zambarau. Driscoll akatumwa kuithibitisha. Akatafuta, hakupata uthibitisho, na habari haikuandikwa. Baadaye gazeti jingine likaitoa. Na kweli, msimu wa 2005 hadi 2006 Arsenal walivaa fulana za wekundu uliokoza kama mvinyo.

Mtasema, ahaa, basi alishindwa kazi. Ni kweli alishindwa kuipata habari ile. Lakini angalieni alichokifanya: hakupata ushahidi, na hakuandika. Huo ndio utaratibu wa mwandishi mwaminifu. Hata daktari mzuri kuna siku haoni ugonjwa; huyo hatumfukuzi, tunamfukuza yule anayeutunga.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Yakaanza maonyo. Akaitwa katika vikao vya nidhamu juu ya jambo hili na lile. Mhariri akaandika barua pepe, ile inayopelekwa kwa kompyuta, akieleza kwamba anataka mtu huyu atoke haraka na kwa gharama ndogo. Driscoll akaugua ugonjwa wa huzuni uliotokana na mashaka ya kazi. Ugonjwa huo tusiucheke. Mtu halali, hali, moyo unamwenda mbio akisikia simu inalia. Akapewa likizo ya ugonjwa. Madaktari wakashauri aachwe apumzike mbali na kazi. Ofisi haikumwacha. Barua na simu zikaendelea kumfuata mpaka nyumbani. Mwezi Aprili 2007, akiwa bado mgonjwa, akaachishwa kazi.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa vizuri. Mwezi huo Aprili, Coulson mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Alijiuzulu mwezi Januari kwa kisa kingine tutakachokieleza. Mkubwa aliyeanzisha ameondoka, lakini faili limebaki, na walioachiwa wakalimalizia. Hivyo ndivyo kisasi cha ofisi kinavyokwenda. Anayekianzisha ni mtu mmoja, wanaokitekeleza ni wengi, na kila mmoja ukimwuliza atasema alikuwa anafuata utaratibu.

Driscoll akaenda kwenye baraza la kazi, mashariki ya London. Baraza halikuwauliza watu wa ofisi kama wanampenda. Lilizisoma karatasi. Likaangalia tarehe ya kila onyo, likauliza kosa lilikuwa nini, adhabu ilikuwa nini, na nani aliandika nini kwa nani. Ile barua pepe nayo ikasomwa. Mwezi Desemba 2008 baraza likatoa hukumu: mtu huyu ameachishwa bila haki, amebaguliwa kwa sababu ya ugonjwa wake, na alionewa mfululizo. Likasema pia kwamba chanzo cha uhasama ule kilikuwa mhariri Coulson. Mwezi Novemba 2009 likaamua alipwe paundi 792,736.

Fedha nyingi, ndiyo. Lakini hesabuni miaka: kutoka 2005 mpaka 2009. Na hesabuni afya. Sisi hatuwezi kusema kwamba alishinda kama mtu anavyoshinda bao. Alirudishiwa sehemu ya alichonyang'anywa.

ALIYELIPWA KIMYA KIMYA

Sasa tuseme kile kisa kilichomwondoa Coulson. Katika gazeti hilo hilo alikuwapo mwandishi wa habari za ukoo wa kifalme, Clive Goodman. Yeye na mpelelezi wa kukodiwa, Glenn Mulcaire, walikuwa wakisikiliza ujumbe wa simu za watu waliofanya kazi katika nyumba za wana wa mfalme.

Waliwezaje? Mtu akipigiwa simu asipatikane, mpigaji huacha ujumbe wa sauti. Ujumbe huo hufunguliwa kwa namba ya siri. Wakati ule watu wengi hawakuibadili namba waliyopewa na kampuni ya simu, na namba hizo zilikuwa zinajulikana. Ni kama kununua kufuli ambalo ufunguo wake kila mtu sokoni anao. Mwezi Januari 2007 Goodman alifungwa miezi 4, na Mulcaire miezi 6. Coulson akajiuzulu, akisema hakujua lolote. Wakubwa wakasema ni mkorofi mmoja tu aliyefanya hayo peke yake.

Mwezi Machi 2007 Goodman, akiwa ameachishwa, akawaandikia wakubwa barua ya kupinga. Akasema wenzake walijua, na kwamba mbinu ile ilikuwa ikizungumzwa waziwazi katika mkutano wa kila siku wa wahariri, mpaka mhariri alipokataza isitajwe. Akasema pia aliahidiwa kurudishiwa kazi kama hatalitia gazeti hatiani mahakamani.

Je, walimjibu vipi? Walimlipa. Kwa jumla alipewa zaidi ya paundi 240,000, na barua ikalala kabatini. Linganisheni, ndugu zetu. Mwaka ule ule mmoja, ofisi ile ile moja. Aliyekosa uthibitisho wa rangi ya fulana anafukuzwa kitandani. Aliyefungwa jela, ambaye anajua siri, anapewa hundi. Kipimo hapo hakikuwa kosa. Kilikuwa nani ana neno la kuogopwa.

Barua ile ilikuja kutolewa hadharani na kamati ya Bunge la Uingereza mwezi Agosti 2011, miaka 4 na ushei baadaye. Wakati huo gazeti lenyewe lilikuwa limekwisha kufa. Mwezi Julai mwaka huo ilikuwa imejulikana kwamba simu iliyoingiliwa ni pamoja na ya msichana wa shule wa miaka 13, Milly Dowler, aliyetekwa na kuuawa mwaka 2002. Watu wakachukia sana. News of the World likatoka mara ya mwisho tarehe 10 Julai 2011. Watu wapatao 200 wakapoteza kazi. Wengi wao hawakuwa na hatia yoyote. Mwaka 2014 Coulson naye alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

SHAHIDI ALIYEITWA MLEVI

Yuko mwingine hatuwezi kumwacha. Sean Hoare alikuwa mwandishi wa habari za wanamuziki na wacheza filamu katika News of the World, na alikuwa rafiki wa Coulson. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu hao usiku kucha, na huko akaingia katika pombe na dawa za kulevya. Mwaka 2005 akaachishwa kazi.

Mwezi Septemba 2010 akasema kwa jina lake, katika gazeti la Marekani, The New York Times, kwamba Coulson alijua habari ya kusikiliza simu na aliihimiza. Coulson alikana. Na gazeti likajibu nini? Likakumbusha watu kwamba msemaji alifukuzwa kwa ulevi. Polisi nao wakamwita, lakini wakamhoji kama mtu anayeweza kushtakiwa kwa maneno yake mwenyewe. Akanyamaza. Mwezi Julai 2011, siku chache tu baada ya gazeti kufungwa, alikutwa amekufa nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 47. Uchunguzi ulionyesha ni ugonjwa wa ini uliotokana na pombe. Hakuuawa na mtu.

Tuseme wazi: Hoare alikuwa mlevi kweli. Lakini mlevi anaweza kuona. Hapa kijijini tuna tabia hiyo hiyo. Mtu akisema fedha za ushirika hazionekani, badala ya kufungua daftari tunauliza, "Kwani yeye nani? Si yule aliyemwacha mkewe?" Daftari linabaki limefungwa.

WALIOKUWA NA CHAMA

Mtauliza, chama cha wafanyakazi kilikuwa wapi? Swali hilo ndilo kiini chetu leo.

Mwezi Januari 1986 Murdoch aliyahamishia magazeti yake manne katika kiwanda kipya mahali paitwapo Wapping, London. Wachapaji na wenzao wapatao 5,500 waligoma, naye akawafukuza. Tangu hapo vyama vya wafanyakazi vikakosa kutambuliwa katika nyumba yake. Baadaye kikaundwa chama cha ndani ya kampuni. Mwaka 2001 ofisa wa serikali anayesajili vyama alikataa kukipa cheti cha chama huru. Kwa hiyo Driscoll alipoanza kupokea maonyo, kwenye jengo lile hapakuwa na chama huru ambacho wakubwa walilazimika kukisikiliza.

Sasa twendeni nyumba ya pili, mji ule ule. Tajiri Richard Desmond, aliyekuwa mwenye lile jarida la OK!, alinunua mwaka 2000 magazeti ya Daily Express na Daily Star. Udaku ulikuwa pale pale, tena zaidi. Lakini wafanyakazi walikuwa na tawi la Chama cha Taifa cha Waandishi wa Habari, kilichoanzishwa mwaka 1907. Kwa desturi ya zamani ya wachapaji wa Uingereza, tawi huitwa kwa jina la kanisa dogo, na kiongozi wake huitwa baba wa kanisa, au mama wa kanisa akiwa mwanamke. Hawasali humo, wanabishana juu ya mishahara.

Mwezi Januari 2004 tawi la Daily Express lilikutana. Waandishi walilalamika kwamba wanasukumwa kuandika habari za kuwachochea watu dhidi ya Waroma, ambao ilisemwa watamiminika Uingereza nchi mpya zitakapojiunga na Umoja wa Ulaya. Wakaiandikia Tume ya Malalamiko ya Magazeti. Waliomba kitu kimoja: katika sheria za maadili kiwekwe kifungu cha dhamiri, yaani mwandishi akikataa kuandika jambo linalovunja maadili, asiadhibiwe wala kufukuzwa. Tume ikajibu kwamba hayo ni mambo ya mwajiri na mwajiriwa, haiwezi kuingilia. Mjue kwamba sheria za maadili zenyewe zilitungwa na kamati ya wahariri. Fisi alikabidhiwa bucha, na walipokuja kulalamika nyama inapungua, akasema hilo ni jambo la nyama na kisu.

Hata hivyo, tawi lilikuwa limejifunza kukutana. Mwezi Oktoba 2006 wakubwa wa Daily Star walitayarisha ukurasa wa kuwadhihaki Waislamu, kuigiza jinsi gazeti lingekuwa kama lingefuata sharia. Ukurasa ulikuwa tayari kwenda mtamboni. Waandishi wakaacha meza zao, wakafanya mkutano wa dharura, wakapiga kura ya kutaka ukurasa uondolewe. Ukaondolewa jioni ile ile.

Tunawaomba mlifikirie tukio hili. Hapakuwa na baraza la kazi wala mwanasheria, na hawakungoja miaka 4. Mmoja angesimama peke yake angeandikiwa barua ya onyo kesho yake. Waliposimama pamoja hakukuwa na wa kuandikiwa, maana nani angeijaza ile karatasi nyeupe?

Lakini hatutaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Chama hakikufika kila kona. Katika Daily Star hiyo hiyo alikuwapo kijana Richard Peppiatt. Kwa miaka miwili alifanya kazi kama kibarua, analipwa kwa zamu, bila ajira ya kudumu. Leo anaitwa, kesho asipoitwa hana wa kumwuliza. Mwezi Machi 2011 aliacha kazi akamwandikia mwenye mali barua ndefu, nayo ikachapishwa katika gazeti jingine. Akaungama kwamba habari nyingine alizitunga. Aliwahi kutunga kisa cha mwigizaji mmoja wa kike, akapewa na paundi 150 za zawadi. Akasema pia hawezi tena kuandika ya kuwachochea watu dhidi ya Waislamu.

Gazeti likajibu kwamba ana kinyongo kwa kukosa kazi ya kudumu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa tayari kutunga maneno. Mnaona? Ile dawa waliyopewa Hoare na watu, naye akanyweshwa. Kisha ujumbe wa vitisho ukaanza kuingia katika simu yake.

Sisi tuna maoni yetu juu ya Peppiatt. Wako wanaosema ni shujaa. Sisi tunaona ni kijana aliyekula mkate wa uongo kwa miaka miwili, na watu walioandikwa uongo ule waliumia kabla dhamiri yake haijaamka. Lakini tunajua pia kwamba kibarua akikataa kazi ya leo, kesho hana kazi. Aliyembebesha uongo alikuwa ameketi kwenye kiti cha kudumu.

JAJI NA WATU WASIO NA MAJINA

Baada ya News of the World kufungwa, serikali ya Uingereza ilimteua Jaji Leveson kuchunguza mwenendo wa magazeti. Akaanza kusikiliza mashahidi mwezi Novemba 2011. Walikuja watu mashuhuri wakaeleza walivyofuatwa na kupigwa picha hata mazikoni. Driscoll alikuja. Peppiatt alikuja. Lakini waandishi wengi waliokuwa bado kazini waliogopa. Walisema tukitajwa majina, basi, hatutaajiriwa tena mahali popote.

Chama cha Waandishi kikakusanya maelezo yao kwa siri, na katibu mkuu wake, Michelle Stanistreet, akayapeleka mwezi Februari 2012 bila majina. Kampuni moja ya magazeti ilikwenda mahakamani kupinga mashahidi wasiotajwa. Ikashindwa. Katika taarifa yake ya Novemba 2012 jaji alisema kwamba jambo la kifungu cha dhamiri lina uzito na lifikiriwe, na kwamba waandishi wapate simu ya siri ya kutoa taarifa wanapolazimishwa kuvunja maadili. Chombo kipya cha kusimamia magazeti kilipoanzishwa mwaka 2014, simu hiyo iliwekwa.

KWETU

Tumeulizwa kabla ya mazungumzo haya, je, mfanyakazi wa Tanzania ana kinga gani? Tuseme kwa kifupi, kwa sababu wengi wenu mna watoto mjini na mashambani kwa wenyewe.

Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Chini ya sheria hiyo mwajiri anayemwachisha mtu ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ana sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kulidai si sababu halali ya kuachishwa. Kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi si sababu halali. Lakini aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai chini ya kifungu hicho, na vibarua wengi hukwama hapo.

Mahali pa kupeleka lalamiko ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa anatakiwa kulipeleka ndani ya siku 30 tangu siku aliyoachishwa. Siku 30, ndugu zetu. Watu hungoja, wanamtuma mjomba akazungumze na meneja, wanangoja mwisho wa mwezi, na siku zinakwisha. Aende na karatasi zake: mkataba kama anao, hati za mshahara, kila barua ya onyo pamoja na bahasha yake. Kama onyo lilitolewa kwa mdomo tu, aandike jioni ile ile katika daftari: tarehe, saa, nani alisema nini, nani alikuwapo. Na asitie sahihi karatasi asiyoisoma. Akilazimishwa kuipokea, aandike chini yake kwamba ameipokea lakini hakubaliani nayo, aweke tarehe.

Hapo tunaweka kalamu chini. Tunaona mkono wa mama mmoja huko nyuma uko juu tangu tulipotaja kufuli na funguo. Karibu, mama, uliza.